Je, Wajua? Filamu zilizopigwa Kisangani na umbo la kioo unachozitazamia

Kati ya mwaka 1949 na 1958, watengenezaji wa filamu za kigeni walimiminika Stanleyville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kisangani. Walichokipiga kilizunguka dunia, kwanza kwenye kumbi za sinema, kisha majumbani kwa kaseti, VCD, DVD na hatimaye simu. Katika safari hiyo ndefu picha ilikatwa, ikavutwa, ikabanwa, mara nyingine bila mtazamaji kujua. Anayetaka kujua kisa kizima cha umbo la picha ya filamu hana haja ya kwenda mbali: filamu za Tshopo, mkoa wa Kisangani, pamoja na chache za majirani, zinatosha kukisimulia.

Je, wajua maana ya namba iliyo nyuma ya jalada la DVD?

Ukiona 1.37:1, 1.85:1 au 2.35:1, huo ni upana wa picha uliogawanywa kwa kimo chake. Mraba kamili ni 1:1. Televisheni ya zamani, ile yenye kichogo, ina kioo cha 4:3, yaani 1.33:1. Televisheni bapa ya leo ni 16:9, yaani 1.78:1. Namba ikipanda, picha inakuwa pana na fupi. Vurugu yote inayofuata inatokana na jambo moja: filamu zina maumbo mengi, lakini kioo cha nyumbani kina umbo moja tu.

Je, wajua televisheni ya kichogo ilirithi umbo lake kutoka karne ya 19?

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi kwa Thomas Edison, alitumia mkanda wa upana wa milimita 35 na kuipa kila picha nafasi ya matundu manne ya pembeni. Umbo lililopatikana lilikuwa 4:3. Sauti ilipoingia kwenye mkanda mwishoni mwa miaka ya 1920, ilimega ukingo wa picha, na mwaka 1932 Akademia ya Hollywood ikasawazisha mambo kwa kuweka 1.37:1. Televisheni zilipokuja zikaiga sinema na kubaki na 4:3. Ndiyo maana karibu kila filamu ya kabla ya 1953 ilikaa vizuri kwenye TV ya kichogo. Haikukatwa kwa sababu hapakuwa na cha kukata.

Je, wajua Stanleyville ilionekana katika filamu iliyoshinda Oscar ya upigaji picha?

Filamu hiyo ni King Solomon's Mines ya mwaka 1950. Kikundi chake kilizunguka sana: Murchison Falls nchini Uganda, Machakos na Rumuruti nchini Kenya, Tanganyika, Astrida nchini Rwanda, na Stanleyville katika Kongo ya Wabelgiji. Robert Surtees alipata Oscar ya upigaji picha za rangi, na filamu ikapata nyingine ya uhariri. Umbo lake ni 1.37:1. Studio ya MGM ilibaki na picha nyingi za ziada, na mwaka 1959 baadhi ya picha za safari ile zilitokea tena katika filamu nyingine, Watusi. Mtazamaji wa Watusi alikuwa anaona Afrika iliyopigwa miaka kumi nyuma.

Je, wajua The African Queen ilipigwa kwa mikanda mitatu kwa mpigo?

Mwaka 1951 John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye mto Ruiki, kijito chenye maji meusi kinachoingia Lualaba kusini ya Kisangani. Kambi ilikuwa Biondo. Njia ya kuingilia ilikuwa reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, yenye kilomita 125 na iliyofunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya kuyakwepa maporomoko ya Boyoma.

Mpigapicha, Jack Cardiff, alikuwa na kamera ya Technicolor. Ndani yake mche wa kioo uliigawa nuru ya lenzi, na mikanda mitatu ya rangi nyeusi na nyeupe ikapita kwa wakati mmoja, mmoja ukinasa nyekundu, wa pili kijani, wa tatu bluu. Rangi zilizaliwa baadaye maabara, mikanda ilipounganishwa. Kamera yenyewe ilikuwa kubwa na nzito, na ilitaka mwanga mwingi kuliko unaopenya chini ya miti ya msituni. Kwa hiyo taa na jenereta navyo vilisafirishwa hadi mtoni.

Je, wajua mashua ile ilikuwa ndogo mno kubeba filamu yake?

Mashua ya African Queen ina urefu wa mita 9 hivi. Iliundwa Uingereza mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, na ikatumika miaka mingi kwenye maji ya Ziwa Albert na Nile kabla ya kuwa mwigizaji. Waigizaji wawili, kamera na taa havikuenea humo. Huston akaunda vyelezo: kimoja kilibeba sehemu ya mashua ya kuigiza, kingine kamera na taa, kingine jenereta, vikivutwa mtoni kwa msururu.

Hapa ndipo 1.37:1 inapofaa kutazamwa kwa makini. Filamu hii ni ya watu wawili waliosongamana kwenye mashua nyembamba, mmoja ameketi kwenye usukani, mwingine amesimama kwenye injini. Fremu yenye kimo inawaweka wote wawili pamoja, mmoja juu na mwingine chini, na bado msitu unabaki na nafasi ya kupanda juu ya vichwa vyao. Kwenye fremu pana, msitu ule ule ungekuwa ukingo tu.

Mashua ilizama Ruiki na ikabidi iopolewe. Karibu kila mtu wa kikundi aliugua tumbo. Bogart na Huston ndio waliosalimika, nao walisema dawa ilikuwa wiski. Bogart aliondoka na zaidi ya afya: uigizaji ule ulimpa Oscar yake pekee. Mashua leo iko Key Largo, Florida.

Je, wajua ndani ya filamu hiyo kuna watu waliokutana bila kuonana Afrika?

Robert Morley, aliyeigiza mmisionari, hakukanyaga Afrika kwa ajili ya filamu hii. Sehemu zake zilipigwa Uingereza, na kwa picha za mbali zilizopigwa Afrika alitumika mtu wa kufanana naye. Kadhalika tukio maarufu la miruba: maji yale yalikuwa ya tangi la studio karibu na London, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwatia waigizaji wakubwa kwenye mto wenye magonjwa. Unachokiona kwenye mtiririko mmoja wa mto ni mabara mawili yaliyoshonwa kingo kwa kingo. Fremu huficha mengi hata kabla televisheni haijaikata.

Je, wajua Wamarekani walingoja hadi 2010 kupata DVD halali ya filamu hiyo?

DVD zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1997, lakini The African Queen, mojawapo ya filamu zinazopendwa zaidi huko, ilichelewa hadi Machi 2010. Mikanda ya asili ilikuwa Uingereza, na kazi yake haikuwa ndogo. Mikanda mitatu ya Technicolor hunywea kadiri miaka inavyopita, na kila mmoja hunywea kwa kiasi chake. Ukiiunganisha hivyo hivyo, kingo za nyuso hutoa kivuli chekundu au kijani. Warekebishaji walinakili kila mkanda kwa ubora wa 4K, kisha kompyuta ikailinganisha mitatu hadi ikalala sawasawa. Picha iliyotoka huenda ni kali kuliko ile waliyoiona watu wa 1951 kumbini.

Na umbo? Walibaki na lile lile la zamani. Ukiiweka kwenye TV bapa, kulia na kushoto panabaki weusi.

Je, wajua kuufuta weusi huo kunakugharimu karibu robo ya picha?

Wengi wetu tukiona mistari myeusi tunakamata rimoti. Tuna njia mbili, na zote zina hasara. Ya kwanza ni kuvuta picha pembeni hadi ienee: Bogart ananenepa kwa asilimia 30 hivi, na gurudumu linakuwa yai. Ya pili ni kukuza: watu wanabaki na maumbile yao, lakini asilimia 23 ya picha inatupwa, juu na chini. Kwenye mto Ruiki hiyo ni kofia ya Hepburn, vilele vya miti, na maji yaliyo mbele ya mashua. Weusi wa pembeni haujakunyima kitu. Kioo ndicho kipana kuliko filamu.

Je, wajua Audrey Hepburn alivaa utawa Kisangani?

Hepburn wa pili kufika hapa hakuwa na undugu na wa kwanza. Mwaka 1958 mwongozaji Fred Zinnemann alipiga huku sehemu za Kongo za The Nun's Story, filamu iliyotolewa 1959 na kuteuliwa kwa tuzo nane za Oscar. Baadhi ya picha zilipigwa Yakusu, kituo cha wamisionari kilichoko chini kidogo ya mji kando ya mto, ambako kikundi kilikutana na Dk. Stanley Browne, bingwa wa ugonjwa wa ukoma. Mambo ya ndani ya nyumba ya watawa yalipigwa Roma.

Zinnemann alikuwa na wazo la kuvutia: Ulaya ionekane kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha mtawa akifika Kongo picha ilipuke kwa rangi. Mkuu wa studio, Jack Warner, alikataa, na filamu nzima ikawa ya rangi.

Je, wajua kaseti mara nyingine ilionyesha zaidi ya sinema?

Kufikia 1958 Hollywood ilikuwa imeacha fremu ya zamani. The African Queen ni ya 1.37:1, lakini The Nun's Story, iliyopigwa mkoa huo huo miaka saba baadaye, ni ya 1.85:1. Njia ya kawaida ya kupata upana huo ilikuwa rahisi. Kamera ilinasa fremu ya zamani yenye kimo kamili, kisha projekta ya ukumbini ikawekewa kibati chenye dirisha pana kilichoziba juu na chini. Takribani robo ya kimo ilifichwa, na mpigapicha alijua hivyo tangu mwanzo, akapanga watu wake katikati.

Zilipokuja kaseti za 4:3, mara nyingi watengenezaji waliondoa tu kibati. TV ya kichogo ikajaa, na mtazamaji akaona dari, sakafu, pengine hata maikrofoni, vitu ambavyo mwongozaji hakukusudia vionekane. Mfano unaochekesha ni Pee-wee's Big Adventure ya 1985. Shujaa anatoa mnyororo mrefu usioisha kutoka kwenye kisanduku kidogo cha baiskeli. Ukumbini ni kiinimacho. Kwenye kaseti mnyororo unaonekana ukiingizwa kutoka chini, na mchezo unakufa. Kuona zaidi si lazima kuwe kuona vizuri.

Je, wajua misitu ya Kongo ilipigwa kwa CinemaScope?

Televisheni ilipoanza kuzinyang'anya kumbi za sinema watazamaji mwanzoni mwa miaka ya 1950, Hollywood ilijibu kwa upana ambao sanduku la nyumbani lisingeweza kuuiga. Kampuni ya 20th Century Fox ilichukua lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien, iliyobuniwa miaka ya 1920. Lenzi hiyo huibana picha pana iingie kwenye mkanda wa kawaida, na lenzi ya projekta huipanua tena. Filamu ya kwanza, The Robe, ilionyeshwa Septemba 1953 kwa uwiano wa 2.55:1. Baadaye njia ya sauti ilichukua nafasi yake mkandani na uwiano ukashuka hadi 2.35:1.

Miaka mitano tu baadaye, CinemaScope ilikuwa mashariki ya Kongo. Heinz Sielmann na Henry Brandt waliongoza Les Seigneurs de la forêt, filamu ya Kibelgiji ya 1958 iliyodhaminiwa na taasisi ya kisayansi ya Mfalme Leopold III, juu ya watu, wanyama na volkeno za huko. Fox iliisambaza, na kwa toleo la Kiingereza mmoja wa wasimulizi alikuwa Orson Welles. Filamu ya wanyama kwa upana huo ilikuwa jambo geni wakati ule.

Je, wajua filamu pana ikijazwa kwenye TV ya kichogo hupoteza zaidi ya mbili ya tano?

Hesabu ni fupi. Gawanya 1.33 kwa 2.35, unapata 0.57. Asilimia 57 ya picha inabaki, 43 inapotea. Fundi wa kaseti alikaa mbele ya mashine akichagua kipande cha kuonyesha: sasa huyu anayesema, sasa yule anayejibu. Watu wawili wakizungumza kutoka ncha mbili za fremu, mmoja hutoweka, au dirisha hutelezeshwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, mwendo ambao mpigapicha hakuufanya kamwe.

Filamu za majirani zetu zilipata mikono tofauti. Hatari! ya 1962, iliyopigwa Tanganyika upande wa Arusha, ni 1.85:1, kwa hiyo iliumia kidogo. Born Free ya 1966, habari za simba Elsa iliyopigwa Kenya, ni 2.35:1. Kwenye kaseti za kujaza kioo, mbuga ile pana ndiyo ya kwanza kupotea.

Je, wajua kuna mwongozaji aliyeipeleka televisheni mahakamani kwa kumkatia picha?

Ni Sydney Pollack, yule aliyeongoza Out of Africa ya 1985 nchini Kenya. Televisheni ya umma ya Denmark ilirusha mwaka 1991 filamu yake ya zamani, Three Days of the Condor, ikiwa imekatwa ili ijaze kioo cha 4:3. Pollack alishtaki. Mahakama ilikubali kwamba kukata vile ni kuiharibu kazi na kuvunja haki ya msanii juu ya kazi yake. Hata hivyo alishindwa kesi kwa sababu ya kipengele cha kisheria.

Woody Allen alitumia njia nyepesi zaidi: alikataa. Filamu yake Manhattan ilipotolewa kwa kaseti katikati ya miaka ya 1980, ilibidi iwe na upana wake wote, na nafasi zilizobaki juu na chini. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi kaseti nyingi za Marekani zilianza na tangazo kwamba filamu imebadilishwa ili ienee kwenye kioo chako.

Je, wajua safari ya Conrad kuja Boyoma imezaa ugomvi wa umbo la picha?

Septemba 1890 baharia Joseph Conrad alifika kituo cha Stanley Falls, yaani Boyoma, Kisangani ya leo, kwa meli ya mvuke Roi des Belges. Waliporudi walimbeba wakala mgonjwa, Georges-Antoine Klein, aliyefia njiani. Miaka tisa baadaye, kutokana na safari hiyo, Conrad alitoa hadithi ya Heart of Darkness. Mwaka 1979 Francis Ford Coppola akakihamishia kisa hicho kwenye vita vya Vietnam, kikaitwa Apocalypse Now.

Kumbini filamu ilionyeshwa kwa 2.35:1. Mpigapicha wake, Vittorio Storaro, alikuja kuamini kwamba sinema na televisheni zikutane kwenye uwiano mmoja, 2.00:1, na DVD za filamu hiyo zikatoka hivyo. Asilimia 15 ya upana ikaondoka. Safari hii aliyekata hakuwa fundi wa kaseti. Alikuwa msanii mwenyewe, miaka ishirini baada ya kazi. Wapenzi wa filamu waligawanyika: je, mpigapicha ana haki ya kubadili alichokipiga? Blu-ray ya 2010 ilirudisha 2.35:1, na hapo ndipo filamu ilipoingia majumbani kwa upana wake wa ukumbini.

Je, wajua VCD iliwalazimisha watu kuchagua kati ya upana na ukali?

VCD, iliyowekewa viwango mwaka 1993, iliteka Afrika Mashariki na Kongo kwa sababu ilikuwa rahisi kunakili na deki zake zilikuwa nafuu. Vibanda vya video, vile Watanzania wanavyoviita vibanda umiza, viliishi kwayo kwa miaka. Lakini picha yake ina mistari 288 tu. Ukiweka filamu ya 2.35:1 yenye weusi juu na chini, picha yenyewe inabaki na mistari 163, na nyuso za mbali zinakuwa ukungu. Ukikata pembeni, unarudishiwa mistari yako 288 na unapoteza asilimia 43 ya tukio. Mwenye kibanda aliyechagua iliyokatwa hakuwa mjinga. Watu wa benchi la nyuma walihitaji kuona nyuso.

Je, wajua kwa nini watu wa DVD huonekana warefu na wembamba?

DVD huhifadhi picha ya 4:3 na ya 16:9 kwa idadi ile ile ya nukta: 720 kwa 576 kwa mfumo wa PAL. Filamu pana hubanwa humo, pamoja na alama inayoiambia deki iipanue. Deki ikidhani TV yako ni bapa wakati ni ya kichogo, haipanui wala haiweki weusi. Matokeo ni watu waliorefuka, wenye nyuso kama kijiko. Diski haina kosa. Ingia kwenye mipangilio ya deki, badilisha 16:9 iwe 4:3, na watu watarudi kwenye miili yao.

Je, wajua 16:9 haikuchaguliwa na wapiga filamu?

Katika miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani Kerns Powers alitafuta umbo la televisheni ya baadaye. Alikata karatasi za maumbo yaliyokuwepo, kuanzia 1.33 hadi 2.35, zote zikiwa na eneo sawa, akazipanga moja juu ya nyingine kwenye kitovu kimoja. Mstatili uliozizunguka zote ulikuwa na uwiano wa karibu 1.77, na ule wa ndani ambao zote ziliuchangia ulikuwa na uwiano huo huo. Unaweza kuthibitisha kwa kikokotoo: zidisha 1.33 kwa 2.35, tafuta kipeuo cha pili. 16:9 ni suluhu ya wagomvi wote: kila filamu ya zamani inapata weusi kiasi, na hakuna inayoumia sana.

Je, wajua mwana wa Kisangani aliifikisha Kongo Cannes?

Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984 na kusomea udaktari kabla ya kamera, ni wa kizazi kilichoanza na vifaa vya kidijitali, ambavyo 16:9 ni umbo lao la kuzaliwa. Examen d'État ya 2014 inawafuata wanafunzi wa mji huu wanaohangaikia mtihani wa taifa. Maman Colonelle ya 2017 inamfuata afisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja hapa. En route pour le milliard inawasindikiza majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani, Juni 2000, wakishuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Mwaka 2020 ikawa filamu ya kwanza ya Kongo kuteuliwa rasmi na tamasha la Cannes.

Linganisha na Ruiki ya 1951. Huston alihitaji msururu wa vyelezo kupiga watu wawili mtoni. Hamadi alipanda boti na abiria wenzake akiwa na kamera ya mkononi. Filamu zake hufika kwenye TV bapa bila mtu katikati wa kuzikata. Wa kuzikata, kama yupo, ni mtazamaji mwenyewe.

Je, wajua simu yako inafanana na CinemaScope kuliko TV yako?

Simu nyingi za sasa zina kioo cha 20:9, yaani 2.22:1 ukiilaza. Filamu ya 2.35:1 inakaribia kuijaza yote. The African Queen, kinyume chake, inachukua asilimia 62 tu ya kioo. Ukiikuza kwa vidole viwili hadi weusi uishe, umetupa asilimia 38, karibu sawa na alichotupa fundi wa kaseti. Tofauti ni kwamba fundi angalau alichagua cha kubakiza. Vidole hukata katikati bila kutazama.

Jipime: je, TV yako inakudanganya?

Usianze na nyuso, kwa maana watu wana maumbile mbalimbali. Tafuta kitu cha duara: gurudumu, mwezi mpevu, saa ya ukutani. Kikiwa yai lililolala, picha imevutwa pembeni. Kikiwa yai lililosimama, imebanwa. Kikiwa duara safi lakini vichwa vimekatwa, imekuzwa. Kwenye rimoti kuna kitufe cha umbo la picha: bonyeza hadi duara liwe duara na vichwa virudi, kisha achana nacho, weusi uwe juu, uwe pembeni.

Na kwa anayetaka kujua weusi autarajie wapi kwenye TV bapa:

- King Solomon's Mines (1950), 1.37:1. Weusi kulia na kushoto.
- The African Queen (1951), 1.37:1. Weusi kulia na kushoto.
- Les Seigneurs de la forêt (1958), 2.35:1. Weusi juu na chini, karibu robo ya kioo.
- The Nun's Story (1959), 1.85:1. Uzi mwembamba juu na chini, au hakuna kabisa.
- Hatari! (1962), 1.85:1. Kama iliyotangulia.
- Born Free (1966), 2.35:1. Weusi juu na chini.
- Apocalypse Now (1979), 2.35:1. Weusi juu na chini. Ukiwa mwembamba, una toleo la 2.00:1.

Muuzaji akikuuzia The African Queen inayojaza kioo chote kuanzia pembe hadi pembe, mwulize robo iliyobaki ameiweka wapi.